Mwanamke Aliyekwenda Kuomba Moto: Historia ya Bi Stara binti Seleman

Imesomwa Ipagala, Jumamosi tarehe 8 Novemba 1913, na Msafiri, mpishi wa kambi ya reli, kwa niaba ya familia.

Ndugu waombolezaji, mbukwenyi, na ninyi mliotoka mjini, asalaam aleikum. Kwanza niombe radhi kwa kuchelewa, maana jua limeshapanda na vumbi limenifika hadi kwenye kope, lakini sikuchelewa kwa uvivu, nimechelewa kwa kuwahi mno mahali ambapo hapakuwa na msiba. Kama mnavyojua, tangu jana jioni yamechimbwa makaburi mawili, moja kule mjini na moja hapa nyuma ya zizi la mzee Matonya, mume wa marehemu, na mimi niliyetembea kutoka Tanga hadi Ujiji bila kupotea, asubuhi hii nimekwenda kusimama kando ya lile la mjini, nikakohoa, nikafungua karatasi, nikaanza kusoma kwa sauti ya huzuni, na vijana wawili waliokuwa wakilinda shimo wakavua kofia zao wakanisikiliza kwa heshima kubwa, mpaka ukurasa wa kwanza ulipokwisha ndipo mmoja wao akaniuliza taratibu, "Mzee, samahani, maiti mwenyewe yuko wapi?" Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikaona shimo, majembe, na sisi watatu. Bi Batuli, naona unatikisa kichwa, nawe una haki, lakini marehemu dada yako angecheka mpaka akashika mbavu, nami leo ningekosea njia mara mia kama kungemfanya acheke tena.

Wengine wenu mnajiuliza desturi hii ya kumsomea maiti karatasi imetoka wapi, na jibu ni kwamba imetoka misheni, imeletwa katika ukoo huu na mkwe wa marehemu, mwalimu Yotham, ambaye ameniandikia vichwa vya habari pembeni, kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, watoto, ugonjwa, ili nisitoke nje ya njia. Najua sisi Waislamu hatuna desturi ya kumchelewesha maiti, na shehe wetu aliyekaa pale kivulini ametuvumilia sana, lakini marehemu mwenyewe ndiye aliyeomba historia yake isomwe, akaomba isomwe na mimi, na alipoulizwa kwa nini asisome Yotham aliyesomea, alijibu, "Yotham atasoma vizuri mno, watu watalala." Sala yake haina ugomvi, ataswaliwa popote atakapolala, kinachogombewa ni ardhi, na historia hii, ikifika mwisho, ndiyo itakayosema ni shimo lipi kati ya yale mawili litafukiwa likiwa tupu. Nitaeleza nikifika, sasa nianze alikoanzia yeye.

Bi Stara binti Seleman alizaliwa Bagamoyo mwezi Machi mwaka 1877, akiwa mtoto wa kwanza wa Seleman bin Mustapha, mfanyabiashara mdogo wa shanga na nguo, na mkewe Adija. Mwalimu Yotham alitaka na tarehe kamili, akamwuliza Bi Batuli, Bi Batuli akamwambia siku hiyo mvua ilikuwa ikinyesha, basi tumeandika mvua. Mama yao alifariki Batuli akiwa bado mchanga wa kubebwa, na hakuacha dhahabu wala kanga za sanduku, aliacha hadithi moja tu, ile aliyokuwa akimsimulia Stara kila jioni akimsuka nywele, hadithi ya mwanamke aliyekwenda kuomba moto, nanyi mlioketi hapa hakuna asiyeijua, ila Bi Batuli, aliyekuwa mdogo mno kuikumbuka, akaja kuisikia hapa Ipagala kwa mara ya kwanza akiwa mtu mzima.

Kuhusu elimu, marehemu alisoma chuoni Bagamoyo, akahitimu juzuu za mwisho, akajua kuandika jina lake kwa herufi za Kiarabu, na hiyo ndiyo elimu yake ya kwanza. Mwezi Juni mwaka 1892 baba yake aliamua kwenda naye Unyanyembe, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia binti mkubwa, naye Batuli akaachwa kwa shangazi yao pwani. Walipoingia nchi hii ya Ugogo msafara ukapatwa na ndui, Stara akaugua, wapagazi wakakataa kulala naye kambi moja, na baba yake, huku mkuu wa msafara akimhimiza, akamkabidhi kwa mwanamke mmoja wa hapa Ipagala aliyekuwa amekwisha kuugua ndui na kupona, mama yake Matonya, akamwambia kwa ishara za mikono kwamba atarudi. Hakurudi, Mungu amrehemu, zilifika habari kwamba alifia njiani karibu na Tabora, na binti wa miaka kumi na mitano akabaki ndani ya tembe la watu ambao hawakujua neno moja la lugha yake, wala yeye hakujua la kwao.

Hapo ndipo ilipoanza elimu yake ya pili, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Katika tembe lile kulikuwa na desturi kwamba jioni, watu wakisha kula, kila aliyelala chini ya paa lile lazima atoe hadithi kwa zamu, mkubwa kwa mdogo, hata mgeni, na asiyetoa anaonekana amekuja kula tu. Zamu ya Stara ilipofika wote walijua hawezi, wakataka kumruka, lakini mama yake Matonya akagonga sakafu kwa kiganja, akasema asirukwe. Basi yule binti, makovu bado mabichi usoni, akainuka na hadithi yake moja, akaisimulia kwa Kiswahili na kwa mikono.

Mwanamke alihamia nchi asiyoijua, moto wake ukazimika, akaenda nyumba ya kwanza, akasema, naomba moto. Wale hawakujua anasema nini, lakini walimwona anatoka jasho, wakampa maji. Akaenda nyumba ya pili, akasema, naomba moto, wakaona maji yanamwagika mikononi mwake, wakampa mtungi. Nyumba ya tatu wakauona mtungi, wakadhani ni wa kukamulia, wakampa kamba ya kumfungia ndama. Nyumba ya nne wakaiona kamba, wakasema masikini, ndama wake amepotea, wakampa ndama. Watu wema wote, hakuna aliyemfukuza, na kila alipotoka alikuwa tajiri zaidi, na kila alipotoka alikuwa na baridi zaidi.

Sasa tazameni alivyofanya. Maji yalikuwemo ndani ya tembe, mtungi ulikuwemo, kamba ilikuwa imetundikwa, na ndama, kama ilivyo kwenu Wagogo, alikuwa amelala mule mule na watu, basi kila alipofika kwenye kitu alikigusa, na watoto wakapiga kelele kwa Kigogo kutaja jina lake, naye akalichukua. Jioni ya pili akasimulia hadithi ile ile, lakini maji, mtungi, kamba na ndama vikiwa vya Kigogo. Baadaye akachukua kutembea, kusimama, kutoa jasho, kuona baridi, na hivyo hivyo, hadithi ile ile, Kiswahili kinapungua na Kigogo kinaongezeka, kama mtu anayebadilisha ukili wa mkeka mmoja mmoja bila kuufumua, na watu wa nyumba ile hawakuchoka, kwa sababu kila jioni walitaka kusikia amefika wapi.

Hadithi yenyewe huishia nyumba ya mwisho. Mwanamke anafika mlangoni na maji, na mtungi, na kamba, na ndama, anamkuta mzee ameketi amempa mgongo, na moto unawaka mbele yake, na yule mwanamke anasema, naomba moto. Msimulizi hunyamaza hapo. Adija, mama yake, hakuwahi kumwambia mzee alijibu nini, alikuwa akimwuliza yeye ajibu. Basi na mama yake Matonya akawa anamwuliza vivyo hivyo, mzee akasemaje, na Stara alikaa kimya msimu mzima wa kiangazi, mpaka jioni moja mvua za kwanza zikipiga juu ya paa alipojibu kwa Kigogo kisichokwama, "Mzee aliuliza, na huyu ndama anaitwa nani?" Wanasema watu walicheka mpaka ndama mwenyewe akasimama. Mama yake Matonya hakucheka, alisema, "Huyu sasa ni wa hapa, aliyejibu ni wa nyumba." Likawa ndilo neno la nyumba hii tangu siku hiyo, kwamba hakuna jibu baya, lakini usijibu kwa lugha uliyozaliwa nayo, jibu kwa lugha ya yule unayemjibu, na ukijibu umekuwa mwenyeji.

Kuhusu ndoa, mwezi Agosti mwaka 1893 marehemu aliolewa na Matonya, mtoto wa yule mama, ambaye siku zile alikuwa kijana mrefu asiyependa maneno, na ambaye leo ni yule mzee mnayemwona pale kwenye mlango wa zizi, ameketi juu ya kigoda ametupa mgongo tangu jana, wala hajasema neno kwa yeyote. Mahari ilileta shida, maana ng'ombe wa mahari hupelekwa kwa baba wa binti, na baba hakuwepo. Wazee wakamwambia Matonya ana bahati, ameoa bure. Matonya akatenga ng'ombe wale, wachache waliobaki baada ya maradhi ya sotoka, akawajengea zizi lao dogo pembeni, akawaita ng'ombe wa Seleman, wakazaa, wakazaana, na hata miaka ya njaa, alipouza mkuki wake, hakuchinja hata mmoja. Mwezi Oktoba mwaka 1911 Bi Batuli aliposhuka kwenye gari la moshi kuja kumwona dada yake baada ya miaka kumi na tisa, jambo la kwanza Matonya alilofanya, kabla hata ya uji, ni kumshika mkono akampeleka zizini na kumwonyesha mali ya baba yake. Bi Batuli, mtoto wa Bagamoyo, alisimama kwenye samadi na viatu vya kamba, akasema, "Sasa mimi nitawafanyia nini hawa?" Nao wapo pale mpaka leo, Bi Batuli, wanakutazama.

Kuhusu kazi, mwaka 1902, siku zile za kukamatwa watu kubeba mizigo, kijana mmoja wa Makutupora alishikwa barabarani, akafungwa mzigo kichwani, akapelekwa hadi pwani, na mama yake alikuwa mgonjwa peke yake ndani ya nyumba, na kijana yule hakujua kusema kwa Kiswahili hata maneno haya, mama yangu ni mgonjwa. Aliporudi alikuta kaburi. Bi Stara alikwenda kwenye msiba ule, na aliporudi aliwaita vijana wote wa Ipagala waje jioni kwenye uwanja huu, akawasimulia hadithi ya mwanamke wa moto, safari hii akianza kwa Kigogo na kuingiza Kiswahili kidogo kidogo, ukili kwa ukili, mkeka ule ule ukigeuzwa upande wa pili. Hakuwa na ubao wala chaki wala fimbo, alikuwa na maji, mtungi, kamba na ndama, na kwa miaka kumi na moja hakuna kijana aliyetoka uwanja huu bila kujua kuomba, kukataa, kueleza anakotoka na kusema nani anaumwa nyumbani kwao.

Reli ilipofika mwaka 1910 nilifika na mimi, nikipika maharage ya watu mia mbili, Wanyamwezi, Wazaramo, Wamanyema, na sote tukitaka maziwa na kuku kutoka kwa watu tusioelewana nao. Nilitumwa Ipagala kununua mbuzi, na kwa kuwa nilikuwa nimesafiri sana nilijiona najua lugha zote, nikamwongelesha Bi Stara Kigogo changu cha barabarani, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa Kiswahili safi cha Bagamoyo, "Baba, umeniomba nikuoe au nikuuzie mbuzi? Maana vyote viwili umevikosea." Tangu siku hiyo nikawa mwanafunzi wake. Watu wa kambi walinifuata, uwanja ukajaa, Wagogo wakija kuchukua Kiswahili na sisi kuchukua Kigogo, hadithi moja ikisimuliwa jioni moja huku jioni nyingine kule. Walinipita wote. Wapishi wangu walijibu, vibarua walijibu, hata Mgiriki mmoja msimamizi alijibu, akasema mzee wa moto alimwambia mwanamke arudi kesho kazini, na alikubaliwa. Mimi nilichukua miaka mitatu, na jibu langu, lililokubaliwa mwezi Aprili mwaka huu, lilikuwa kwamba mzee alimwambia mwanamke, "Mbona umechelewa, chakula kimepoa," na marehemu akasema hilo ni jibu la mpishi, lakini limetoka lenyewe, basi mwacheni apite.

Mmoja tu hakujibu, na huyo ni mumewe. Mzee Matonya alikaa kwenye uwanja huu kila jioni, alisikia hadithi ile kwa Kiswahili mara nyingi kuliko sisi sote, na ilipofika nyumba ya mwisho, marehemu akigeuka kumtazama yeye, aliinuka akaenda kutazama ng'ombe. Watu walisema hajui, wengine wakasema ana kiburi. Niliwahi kumwuliza kwa Kigogo changu kipya, akanijibu kwa Kigogo chake cha zamani, nami naeleza nilivyoelewa, "Lugha hiyo mimi naijua tangu mtoto. Leta. Beba. Simama. Nyamaza. Sijaisikia ikisema kitu kingine." Nilimpelekea marehemu maneno hayo, nikidhani atachukia, lakini aliendelea kuchambua mlenda, akasema, "Sasa unaona kwa nini nasimulia ile. Yule mwanamke haleti, habebeshi, hasimamishi mtu. Anaomba. Nitasimulia mpaka mume wangu asikie kwamba lugha ya mama yangu inajua na kuomba pia." Akasimulia miaka kumi na moja, na wakati wote huo kitu alichokitaka duniani kilikuwa hicho kimoja, kumsikia Matonya akimjibu.

Bi Batuli alipohamia Dodoma mjini ili awe karibu na dada yake, jambo hili lilimchoma. Alicheka sana kwanza, akamwambia dada yake, "Wewe Stara, unaongea Kiswahili kama mchunga ng'ombe," na Stara akamwambia, "Nawe unakamua kama mtu anayepiga kengele," lakini baada ya kicheko aliona kwamba nyumbani kwa dada yake hakuna mtu mzima anayemjibu kwa lugha waliyozaliwa nayo. Alisema, na siwezi kusema hakuwa na haki, "Mwanamume umekaa naye miaka hii yote hajakupa hata neno moja lako?" Hapo ndipo ulipoota ule ugomvi uliochimba makaburi mawili.

Marehemu na mzee Matonya walijaliwa watoto watatu walio hai, Hamidi aliye kazini kwenye reli huko mbele, aliyepewa ruhusa na amefika leo alfajiri, Adija mwenye jina la bibi yake, na Zipora, mkubwa wao, aliyebatizwa misheni na kuolewa na mwalimu Yotham, na mmoja aliyetangulia mbele ya haki mwaka 1898 kwa njaa, hakufikisha mwaka, hakuwahi kujifunza lugha yoyote, na marehemu alikuwa akisema huyo ndiye peke yake aliyemwelewa pande zote. Ameacha pia watoto wadogo wa ukoo, ambao wanasimulia hadithi ile wakichanganya vyote viwili bila hata kujua wanachanganya.

Kuhusu ugonjwa, marehemu alianza kusumbuliwa na kifua mwezi Mei mwaka huu, ikadhaniwa ni vumbi la kiangazi, ikaja homa ya jioni, akakonda. Alipelekwa kwa daktari wa misheni mara kadhaa, akipandishwa punda, na mzee Matonya akitembea pembeni akishika mguu wake asianguke, akapewa dawa ya maji iliyompa nafuu, na mwezi Septemba akaletewa mizizi na mganga kutoka Mtera, ikampa nafuu nyingine. Jumatano tarehe 5 Novemba jioni alitaka kutolewa uwanjani, akaegemezwa ukutani, akaanza hadithi. Alisimulia kwa Kiswahili tupu, polepole, akipumzika kila nyumba, akafika kwa maji, na mtungi, na kamba, na ndama, akafika mlango wa mwisho, na pale pumzi ikamwishia. Hakutamka naomba moto. Mzee Matonya alikuwa ameketi pale pale alipo sasa, na safari ile hakuinuka kwenda kwa ng'ombe, lakini hakusema kitu.

Bi Batuli alipiga magoti karibu naye akamwuliza, huku akilia, "Dada, nikupeleke wapi? Nikulaze kwetu mjini, kwa watu wanaojua kukuita, au nikuache hapa kwa mtu asiyejua?" Marehemu alimtazama yeye, akamtazama mumewe, akasema maneno ambayo sisi sote tuliokuwepo tumeyasikia, "Atakayemjibu yule mwanamke, ndiye anichukue." Mtu mmoja akauliza, kwa lugha gani, akasema, "Sheria ya nyumba ni ile ile." Ina maana Bi Batuli ajibu kwa Kigogo, au mzee Matonya ajibu kwa Kiswahili, na asipojibu yeyote, alisema atakuwa amefika nchi nyingine tena, na huko atajifunza upya. Mimi mwenyewe nilikwisha kujibu, kwa hiyo kwa sheria ningeweza kumdai, lakini hata kitanda ninacholalia ni cha kampuni ya reli, nitamweka wapi. Alifariki dunia Ijumaa tarehe 7 Novemba 1913, alasiri, mkono mmoja akiwa ameshikwa na mdogo wake na mwingine na mumewe.

Kwa niaba ya familia naomba kutoa shukrani kwa daktari wa misheni na wasaidizi wake, kwa mganga wa Mtera aliyetembea usiku na mchana, kwa majirani wa Ipagala waliochota maji kwa zamu wakati visima vimekauka, kwa wenzangu wa kambi ya reli waliochanga mchele na sanda, kwa shehe na kwa mwalimu Yotham waliokubali kukaa chini ya paa moja bila kuhubiriana, na kwa wachimba makaburi wa pande zote mbili, ambao upande mmoja umechimba bure, tunawaomba radhi mapema, na wale vijana wawili wa mjini nawashukuru kipekee kwa kunivulia kofia. Bi Stara, mwalimu wangu, uliyefika hapa ukiwa na hadithi moja na ukatuachia lugha mbili, tua mtungi wako sasa, fungua ndama, upumzike.

Bado jambo moja aliloniagiza. Mwanamke alifika nyumba ya mwisho, na maji, na mtungi, na kamba, na ndama, akamkuta mzee ameketi amempa mgongo, na moto unawaka mbele yake, akasimama mlangoni, akasema, naomba moto. Karatasi yangu imeandikwa hapa, msomaji anyamaze. Ninanyamaza.

Yaliyofuata hayakuwa kwenye karatasi, nimeyaongeza baadaye kwa sababu Yotham ameniambia yaandikwe. Wa kwanza kuinuka alikuwa Bi Batuli, ambaye tangu Jumatano alikuwa akifundishwa na wale watoto wadogo wa ukoo, nami nilikuwa nimewasikia nyuma ya nyumba wakimrudisha mwanzo kila mara. Alisimama katikati ya watu, akafunga kanga kiunoni, akasema kwa sauti ile salamu ya Kigogo, "Mbukwa." Akatafuta linalofuata. Akafungua mikono kama mtu anayegusa mtungi gizani, likawa halipo, akasema tena, "Mbukwa," chini chini, akaketi akajifunika uso, na hakuna mtu aliyecheka, hata mimi.

Tukasubiri. Shehe akatazama jua. Hamidi akainamisha kichwa. Mzee Matonya hakugeuka, mgongo ule ule tuliokuwa tukiutazama tangu jana, mikono juu ya magoti, uso kwenye zizi dogo la ng'ombe wa Seleman, nami nilikuwa nimeshaanza kukunja karatasi, nikiwaza jinsi ya kumbeba maiti hadi mjini kwenye jua kali namna ile, aliposema, kwa Kiswahili cha Bagamoyo kitupu, kwa sauti ya mtu anayemgombeza mkewe kwa kusimama nje muda mrefu:

"Moto huu hapa. Ingia, kwani nani amekuzuia?"